Urithi wa Nyumba Moja ya Mombasa

(Maneno ya hotuba kwa wazazi)



Wako wazazi wengi waulizao swali moja, nalo ni zito: Je, mtoto akipelekwa kusoma elimu ya Kizungu, atarudi nyumbani akiwa mtoto yule yule? Baba huchelea mwanawe asije akaacha sala. Mama huchelea asije akaona haya kuketi mkekani na kula pamoja na ndugu zake. Hofu hiyo si ya ujinga, wala haifai kuchekwa. Yafaa ipimwe kwa mfano wa watu waliokwisha kuipita njia hiyo. Mfano mmoja ni nyumba ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa.

Sheikh Al-Amin alizaliwa mwaka 1891, akafariki mwaka 1947. Alikuwa mwanachuoni mkubwa, na mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huenda mtu akadhani kwamba mwanachuoni wa namna hiyo angewaambia Waislamu wajitenge na kila jambo geni. Sivyo alivyofanya. Mwaka 1932 alitoa gazeti lililoitwa Al-Islah, maana yake Matengenezo, akaandika kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, ili asomwe na watu wa kawaida wala si wanavyuoni peke yao. Aliwakaripia watu wake kwa mambo mawili. Kwanza, walikubali kuachwa nyuma katika elimu na kazi. Pili, waliiga mavazi na anasa za wageni, lakini bidii yao hawakuiiga. Makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, mwaka 1944.

Mambo hayo mawili yalionekana kila siku katika mji. Watoto wengi wa Mombasa wa zamani zile walivaa kanzu na kofia wakaenda chuoni kusoma Kurani. Kisha walivaa shati na kaputula wakaenda skuli. Nyumbani walisema Kiswahili, katika sala Kiarabu, na darasani Kiingereza. Mtoto alijifunza mapema kuvua viatu mahali hapa na kuvivaa mahali pale, wala hakuona kuwa pana ugomvi.

Mmoja wa watoto wa mji huo alikuwa Ali, mwana wa Sheikh, aliyezaliwa mwaka 1933. Baba yake alitamani aende Misri, kusoma Al-Azhar, awe mwanachuoni kama yeye. Lakini Sheikh alifariki Ali akiwa na umri wa miaka 14. Mtihani wake wa Cambridge ukatoka daraja la tatu, naye hakupata nafasi Makerere. Akafanya kazi ya ukarani katika Chuo cha Elimu ya Waislamu, Mombasa.

Kisha katika sherehe ya Maulidi alisimama akatoa hotuba, na Gavana alikuwako akimsikiliza. Hotuba hiyo ilimfungulia mlango, na mwaka 1955 akasafiri kwenda Huddersfield, Uingereza. Tazameni basi jambo hili: kilichomfikisha Ulaya ni maneno aliyoyasema katika kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume. Alichokipata nyumbani ndicho kilichomtoa nje.

Alihitimu Manchester mwaka 1960, Columbia ya Marekani mwaka 1961, na Oxford mwaka 1966. Makerere, ambayo hapo kwanza haikumpa nafasi ya kusoma, ilimpa nafasi ya kufundisha, akawa Profesa. Alioa mke Mwingereza, na mmoja wa wanawe akapewa jina la babu yake, Al-Amin. Mwaka 1986 alionyesha katika televisheni jinsi Afrika ilivyo na urithi wa namna tatu: wa asili yake, wa Uislamu, na wa nchi za Magharibi.

Wala isidhaniwe kwamba hapakuwa na gharama. Tamaa ya baba juu ya Al-Azhar haikutimia. Mwana aliishi miaka mingi katika nchi za mbali, na wako waliomlaumu, wengine kwa kuwa Mwislamu mno, na wengine kwa kuwa Mzungu mno. Mtu asimamaye mlangoni hupigwa na upepo wa pande zote mbili. Lakini alipofariki Marekani mwaka 2014, mwili wake uliletwa Mombasa, ukazikwa katika makaburi ya jamaa zake, karibu na Fort Jesus.

Basi, wazazi, swali si kama skuli itamchukua mtoto. Swali ni atakwenda amebeba nini. Mzazi ampelekaye mwanawe skuli mikono mitupu, bila dini, bila adabu, bila lugha ya kwao, asiilaumu skuli mtoto atakaporudi mgeni. Mpeni kwanza cha kubeba, kisha mfungulieni mlango.