MAZUNGUMZO: RISASI NA SHABAHA KATIKA USASI WA NGURUWE-MWITU, NCHI YA UNYANYEMBE



Nchi ya Unyanyembe, ambayo mji wake ni Tabora, iliijua bunduki mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilipumzika huko, na katika mizigo ya wapagazi mlikuwamo baruti. Mtemi Isike, alipozidiwa na Wajerumani ngomeni mwake mwezi wa Januari 1893, aliiripua baruti yake kuliko kukubali kukamatwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaziachia njia zile za gumegume. Haishangazi basi kwamba gobore lilidumu mikononi mwa wasasi wa vijijini.

Adui wa mkulima wa huko ni nguruwe-mwitu. Mchana hulala katika vichaka vizito. Usiku huja na kundi lake kufukua karanga, muhogo na viazi, na kuangusha mahindi. Kwa Mwislamu nyama yake si halali, lakini shamba lililofukuliwa ni hasara ya watu wa dini zote.

Kosa la wasasi wengi ni kupiga juu. Singa zilizosimama mgongoni humfanya mnyama aonekane mrefu kuliko alivyo, na risasi inayopita juu ya uti wa mgongo humwangusha kwa mshtuko tu, kisha akainuka na kutoweka. Moyo wake umekaa chini na mbele, karibu baina ya miguu ya mbele. Anaposimama ubavu, msasi aufuate kwa macho mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili, na alenge hapo. Risasi ikipanda kidogo itakuta mapafu. Ikirudi nyuma itapasua tumbo, na hilo ndilo jeraha baya kuliko yote: mnyama huishi saa nyingi, na akifuatwa kichakani hugeuka na meno yake ya chini yakatayo kama wembe. Kichwa kisilengwe, kwani ubongo ni mdogo, na mnyama aliyevunjika taya hukimbia akafa kwa njaa.

Ama risasi, dume zima lina ngozi nene na gegedu begani, na risasi nyepesi yenye mwendo mkubwa huweza kuvunjika hapo kabla ya kufika ndani. Ile ya kivita, iliyovikwa madini yote, hupenya ikaacha tundu dogo na kuendelea kwenda penye nyumba za watu. Inayofaa ni ya ncha laini, yenye uzito wa gramu 10 hadi 12 kwa bunduki ya milimita 7.62, ambayo hutanuka mwilini. Marisau makubwa hufaa kichakani kwa karibu. Yakipita hatua 30 hutawanyika. Marisau ya ndege hujeruhi tu. Mwenye gobore ana pigo moja, na akikosa hapati muda wa kushindilia tena.

Kibali cha kuwinda hutolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na silaha humilikiwa kwa Sheria ya 2015.

Matumbo na mabaki yafukiwe mbali na mazizi ya nguruwe wa kufugwa, kwani nguruwe-mwitu na ngiri huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila ya wao wenyewe kuugua.