Laana Ambayo Nuhu Hakuitamka



Mada niliyopewa ni mizizi ya ubaguzi wa rangi. Wengi wetu tukilisikia neno hilo huwaza mara moja Afrika ya Kusini na utawala ule uliokoma mwaka 1994. Mimi naomba nianzie karibu zaidi, yaani katika Biblia tuliyoishika mkononi.

Fungueni Mwanzo 9:20-27. Nuhu analewa, Hamu anauona uchi wa babaye, na Nuhu anapolevuka anatamka laana. Anamlaani nani? Si Hamu, bali Kanaani mwana wa Hamu. Rangi ya ngozi haitajwi hata kwa neno moja. Hata hivyo, kwa karne nyingi wafanyabiashara ya watumwa, pamoja na wahubiri waliowatetea, walidai kwamba mtu mweusi ni mtumwa kwa sababu ya laana hiyo. John Hanning Speke, aliyepita Tabora akitafuta chanzo cha mto Nile, aliyarudia madai hayo katika kitabu chake cha mwaka 1863. Lakini alipofika Karagwe kwa Rumanika, na Buganda kwa Mutesa, alikuta falme zenye mpango na adabu. Akashindwa kukiri kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe, akasema watawala hao asili yao ni Uhabeshi. Waandishi waliomfuata wakawaita Wahamiti. Jina ni lile lile la Hamu, ila safari hii limegeuzwa kuwa sifa!

Uongo huo uliota mizizi Rwanda. Wahutu na Watutsi walisema lugha moja na kukaa katika vilima vile vile. Tofauti zilikuwapo, wala sisemi kwamba utawala wa mwami ulikuwa wa haki daima. Lakini wageni walizifanya kuwa tofauti za damu. Mwaka 1930 Askofu Léon Classe aliwaonya Wabelgiji wasiwaondoe Watutsi katika uchifu. Katika miaka hiyo ya 1930 vikatolewa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lilitosha Mtutsi kuuawa. Waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo wabatizwa wenzao. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa katika jambo hilo.

Na kwetu je? Binti anasifiwa kwa weupe wake, nduguye ananunua mkorogo wa kuchubua ngozi. Mwenye nyumba anauliza kabila kabla ya kutaja kodi. Nami nimesikia, katika sala ya jumuiya, mzee mwema akieleza umaskini wetu kwa laana ya Hamu. Hakuna aliyempinga, hata mimi.

Kwa hiyo nawaomba, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mkaisome sura hiyo wiki hii pamoja na watu wenu, mstari kwa mstari. Kisha waulizeni ni nani aliyewafundisha jambo lisilokuwamo.