Peleka Daftari kwa Mshauri Kabla ya Kukopa



Tuchukue mfano wa muuza mandazi. Kwa siku anauza shilingi 1,500. Unga, mafuta na makaa ni 1,250. Faida ni 250. Ikiwa analipa mkopo wa 300 kila siku, anakula mtaji wake, hata kama wateja wamejaa. Yeye mwenyewe halioni hilo, maana ameinamia karai tangu alfajiri. Mtu wa nje ataliona mara moja akipiga hesabu.

Kwa hivyo, kabla hujakopa, hata kwa simu, mpelekee daftari lako afisa wa biashara wa kaunti, au mama aliyedumu sokoni miaka mingi. Mwonyeshe hata deni unaloona aibu kulitaja. Kuuliza si ujinga.