Sindano ya Insulini Mbele ya Muuguzi wa Shule

Usiku huu maneno yetu yanawaelekea wazazi wa Plymouth wenye vijana wa kisukari cha aina ya kwanza.

Mwili wa kijana huyo hautengenezi insulini. Insulini ya mlo hungoja mlo, lakini ile ya kutwa haiachwi hata na anayefunga. Hupunguzwa tu kwa ushauri wa daktari. Ikikosekana, damu hujaa asidi na uhai huwa hatarini.

Basi tunaomba daktari akiridhia, hiyo ya kutwa ichomwe shuleni: kijana ajichome mwenyewe, muuguzi atazame na kuandika. Miaka kumi na minne ina kiburi chake. Kijana husema "nimeshachoma" ili aachwe, na mama aliyetoka zamu ya usiku humwamini. Jumamosi na Jumapili atazame mzazi. Shule ya umma, iwe ya Wayzata, Robbinsdale au Osseo, inabanwa na kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973. Ombeni mpango wa maandishi, na muuguzi aambiwe kama kijana anafunga.

Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Mgonjwa naye ana ruhusa yake katika Suratul Baqara. Kwa hiyo sukari ikishuka, ale papo hapo, hata adhuhuri, hata mbele ya wenzake wanaofunga, wala nyumbani asiulizwe kwa nini.