Sayansi na Hisabati kwa Watoto Wetu: Wajibu wa Wazazi na Misikiti

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Kendwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.



Tumeombwa tuzungumzie masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika skuli zetu. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mazungumzo haya yanahusiana vipi na msikiti. Kwa watu wa Kendwa na Nungwi jibu haliko mbali. Liko baharini, mbele ya macho yetu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Wavuvi wa huku walitoka na vyombo vyao kuokoa waliohai na kuchukua maiti. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na tume iliyoundwa na Serikali ikaeleza kwamba wengine zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Amin.

Sisi tunaamini kadari. Lakini kuamini kadari hakukutuondolea wajibu wa kupima na kuhesabu. Meli ile ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mafundi na manahodha wetu wanajua tangu utotoni kwamba farumi hukaa chini ngamani, na kwamba uzito ukirundikwa juu, chombo hulala upande na huenda kisirudi. Jambo hilo lina hesabu yake katika fizikia, na hesabu hiyo hufundishika darasani. Ikiwa abiria, karani, mkaguzi na nahodha wote wanaijua na kuiheshimu, chombo cha namna ile hakitang'oa nanga. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya sayansi tunazungumza juu ya roho za watu, na kuhifadhi roho ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu.

Je, elimu hii ni ya wengine?

Wapo miongoni mwetu wanaoigawa elimu mafungu mawili: elimu ya dini ni yetu, na elimu ya skuli ni ya watu wengine tulioletewa. Mgawanyo huu wanazuoni wetu wenyewe waliukataa zamani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), katika magazeti yake Sahifa na Al-Islah ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwahimiza Waislamu wa pwani wasome elimu za kisasa pamoja na dini yao, wasije wakaachwa nyuma. Hapa Unguja, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeifasiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili, alikuwa pia mwalimu wa skuli za serikali. Hakuona aibu kushika chaki asubuhi na kitabu cha tafsiri jioni.

Na tujiulize: mirathi itagawiwa vipi na asiyejua sehemu? Zaka itatolewa vipi na asiyejua asilimia? Nyakati za sala, kuandama kwa mwezi na kuelekea kibla, yote haya ni falaki na hesabu. Qur'ani yenyewe imetutaka tutazame mwendo wa jua na mwezi ili tujue hesabu ya miaka. Mwislamu aliyeiacha hesabu ameiacha sehemu ya urithi wake.

Mtoto anakariri, haelewi

Pamoja na hayo, tuseme kweli juu ya hali ya madarasa. Katika miaka ya karibuni zimejengwa Zanzibar skuli nyingi za ghorofa zenye maabara na vyumba vya kompyuta, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini jengo halifundishi. Tumewahi kuingia katika skuli moja tukaoneshwa maabara yenye vifaa ambavyo havijatolewa kabatini. Mwalimu alichelea visivunjike, kwa kuwa angelazimika kuvilipa. Wanafunzi walikuwa wakinakili ubaoni maelezo ya jaribio ambalo hawajapata kuliona.

Lipo na suala la lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa njema, kwani vitabu vingi vya fani hizi vimeandikwa kwa lugha hiyo. Lakini mtoto wa Kendwa haisikii nyumbani, wala dukani, wala pwani. Huandika tafsiri ya neno kwa mwandiko mzuri, akalipata swali la mtihani, na ukimuuliza maana yake kwa Kiswahili hunyamaza. Hatusemi Kiingereza kiachwe. Tunasema fahamu itangulie, neno lifuate. Mtoto aielewe kwanza maana kwa lugha ya mama yake, kisha afundishwe jina lake la Kiingereza. Hapo atakuwa na vyote viwili.

Kijiti kimoja na kibla

Ndugu Waislamu, sayansi haihitaji kungoja maabara. Mtoto wetu anajua kupwa na kujaa. Anajua kuwa mwezi ukiandama na ukitimia huja bamvua, na katikati yake huwa maji mafu. Mwalimu anayeanzia hapo huwa ameikuta nusu ya somo tayari imo kichwani mwa mwanafunzi. Imebaki amuulize tu: kwa nini?

Tunakupeni mfano mmoja mnaoweza kuujaribu hapa hapa uwanjani. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, na tena tarehe 15 au 16 Julai, jua la adhuhuri hupita sawasawa juu ya Al-Kaaba. Saa za Makka na za kwetu ni moja. Mwezi Mei jambo hilo hutokea saa 6 na dakika 18 mchana, na mwezi Julai saa 6 na dakika 27. Mawingu ya masika yakizuia mwezi Mei, Julai ipo.

Simamisheni kijiti cha mita moja kilichonyooka wima mahali tambarare. Ukifika wakati huo, kivuli chake kitaelekea kusini, na urefu wake utakuwa takriban nusu mita. Anayesimama kwenye ncha ya kivuli akakitazama kijiti, ameelekea kibla. Mtaona kuwa kibla chetu ni kaskazini, kwa tofauti ndogo mno, na ndiyo maana wazee wetu waliita upande wa kaskazini "kibla".

Kisha watoto wachore pembetatu ya kijiti na kivuli kwenye karatasi na kuipima kwa kipimapembe. Watapata pembe ya nyuzi 27 hivi. Duara zima la dunia ni nyuzi 360, na mzunguko wake ni takriban kilomita 40,000. Gawanyeni 27 kwa 360, zidisheni kwa 40,000: mtapata kilomita 3,000. Huo ndio umbali kutoka hapa hadi Makka, uliopimwa na mtoto wa Kendwa kwa kijiti na kivuli. Mtoto aliyeupima umbali huo kwa mkono wake hatausahau, wala hatasema tena kuwa hisabati haina faida. Wanazuoni wetu kama Al-Biruni (973–1048) walishughulika na kazi ya namna hii hii.

Watoto wa kike nao

Hapa Kinyasini, ndani ya mkoa wetu, wamefundishwa wanawake wa vijijini, wengine wao wakiwa na kisomo kidogo tu, kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Wamerudi vijijini kwao wakiwasha taa katika nyumba zilizokuwa gizani. Na mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi lake Bweleo, hapa hapa Unguja, likiwa tawi la kwanza nje ya India kwa taasisi za aina hiyo. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mwanamke. Chuo kikubwa kimetufuata mlangoni. Swali ni watoto wangapi wa Kaskazini watakaofuzu hisabati kwa kiwango cha kuingia humo. Tukiwatoa skuli mabinti zetu mapema, nusu ya jibu tumeshaipoteza.

Tunachokuombeni

Kwanza, mtoto asichukuliwe dago wakati wa masomo, wala asiachwe kuzurura ufukweni kwa ajili ya shilingi za wageni. Fedha ya leo huisha leo.

Pili, wazazi wahudhurie vikao vya skuli na waulize waziwazi: maabara inafunguliwa? Watoto wameshika vifaa kwa mikono yao? Na ikiwa hofu ni kuvunjika, jamii ichange kulipia kilichovunjika, ili mwalimu asiogope kufundisha.

Tatu, walimu wa vyuo vya Qur'ani na walimu wa skuli wakae pamoja wapange saa zao, mtoto asilazimishwe kuchagua.

Nne, walimu wastaafu na vijana waliosoma wawasaidie watoto hisabati katika baraza za misikiti baina ya Magharibi na Isha, walau siku mbili kwa wiki. Hili halihitaji mfadhili.

Mwisho, ndugu zetu, tukumbuke wale waliolala chini ya mkondo huu wa Nungwi. Hatuwezi kuwarudisha. Lakini tunaweza kuwalea watoto watakaojua uzito wa chombo kabla hakijaondoka gatini, na watakaokuwa na ucha Mungu wa kusema "hapana" pale hesabu inapokataa. Elimu bila ya uaminifu ingewazamisha, na uaminifu bila ya elimu usingewaokoa. Tunavitaka vyote viwili kwa watoto wetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awalinde watoto wetu wa kiume na wa kike, na awape walimu wao subira na malipo mema. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.