Muhula wa Kicheko



Jioni ya leo nimekusudia kunena nanyi juu ya filamu moja fupi ya kuchekesha ambayo haichekeshi. Wala sikuichagua ili kuikejeli, kwa kuwa kazi ya sanaa, hata ikianguka, ina haki ya kuulizwa kwa upole sababu ya kuanguka kwake.

Filamu yenyewe ni Making a Living, iliyotengenezwa na kampuni ya Keystone huko Los Angeles, Marekani, ikatolewa tarehe 2 Februari 1914. Ndani yake Charlie Chaplin, kijana wa London aliyekuwa hajatimiza miaka 25, anaonekana katika sinema kwa mara ya kwanza, naye hakuvaa ile suruali pana na vile viatu vikubwa ambavyo ulimwengu ulikuja kumjua navyo, bali kofia ndefu ya kibwana, koti refu, miwani ya jicho moja, na masharubu yaliyolegea pembeni mwa kinywa. Ni ayari: anaomba fedha kwa mwandishi wa habari, anamvizia mchumba wa mwandishi huyo, kisha anamwibia kamera yenye picha ya ajali ya gari na kuikimbiza gazetini kana kwamba kazi ni yake. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbio na makonde.

Nilipowaonyesha wanafunzi wangu filamu hiyo, walicheka mara moja tu. Ni pale mwanzoni, Chaplin anapomwomba msaada Henry Lehrman, mwongozaji wa filamu ambaye ndiye pia mwigizaji wa yule mwandishi: anatolewa sarafu, anaitazama, anaikataa kwa adhama ya mtu aliyetukanwa, na mkono wa mtoaji unapoanza kurudi, anaiwahi na kuinyakua. Hapo tumepewa muhula. Tumeiona dhiki, tumekiona na kiburi, tukangoja kujua kipi kitashinda. Yaliyofuata hayana kungoja. Ni kama unga wa mkate uliotiwa tanuruni kabla haujaumuka.

Wako wasemao kwamba kosa ni la uzee wa filamu, nami sikubaliani nao hata kidogo. L'Arroseur arrosé, ya ndugu Lumière wa Ufaransa, iliyokuwamo katika onyesho la Paris la tarehe 28 Desemba 1895, ni kongwe zaidi na haitimizi hata dakika moja, lakini wanafunzi wale wale waliiangulia kicheko. Mvulana anaukanyaga mpira wa maji wa mtunza bustani, maji yanakatika, mzee anauinua mdomo wa mpira na kuuchungulia, na sisi, tunaouona ule mguu ambao yeye hauoni, tunangoja uondoke.

Chaplin mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa 1964, alieleza kwamba vituko vyake bora vilikatwakatwa wakati wa kuunganisha picha, na kwamba miaka mingi baadaye Lehrman alikiri kufanya hivyo kwa makusudi, kwa kumwona mgeni yule anajua mno. Habari hiyo hunisikitisha kila niikumbukapo, maana kilichokatwa hakikuwa utepe mtupu, bali ni ule muda ambao hadhira ingemjua mtu kabla ya kumcheka.

Siku tano baada ya Making a Living kutolewa, tarehe 7 Februari, ilitolewa Kid Auto Races at Venice. Mwongozaji ni yule yule, mwigizaji ni yule yule, ila sasa amevaa suruali pana. Hana kisa kirefu: anajiweka mbele ya kamera inayopiga picha za mashindano ya magari ya watoto, anasukumwa atoke, anaondoka, anarudi, anasimama akitutazama. Tunamngoja, naye anatungoja, na watu wanacheka.

Nawasihi basi, hasa ninyi mnaojifunza kuunganisha picha, mzitazame zote mbili usiku mmoja: ya tarehe 2 kwanza, kisha ya tarehe 7.