Mazungumzo: Boriti za Lamu na Nyumba za Ghuba

Wasikilizaji, mtu akienda leo katika mji wa Muharraq, nchi ya Bahrain, au katika mtaa wa kale wa Al Fahidi huko Dubai, akaingia katika nyumba ya zamani na kuinua macho yake, ataona dari iliyopangwa boriti nyembamba, moja kando ya mwenzake. Nchi hizo ni za jangwa, na hazina misitu ya miti ya kujengea. Boriti hizo zilikatwa katika mikoko ya Afrika ya Mashariki, katika visiwa vya Lamu na katika mdomo wa mto Rufiji, zikavushwa bahari kwa majahazi. Watu wa Ghuba huziita chandal.

Mazungumzo haya ni juu ya biashara hiyo: jinsi ilivyostawi, jinsi ilivyokwisha, na lile ambalo kila mtu anayetaka kuuza miti ya kujengea ng'ambo aweza kujifunza kwayo.

Biashara yenyewe ni ya kale sana. Al-Istakhri, mwandishi wa habari za nchi aliyeishi katika karne ya 10, aliandika ya kuwa nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika ya Mashariki. Basi kwa muda wa miaka elfu na zaidi watu wa Ghuba walikuwa wakilala chini ya miti ya pwani hii.

Sababu ya kuipenda si ngumu kueleza. Mti wa mkoko hukua wima, ni mgumu, na ganda lake lina dawa ya asili ambayo mchwa hawaipendi. Lakini ubora wa mti peke yake haukutosha kuifanya biashara idumu. Jambo kubwa lilikuwa kipimo. Miti haikuuzwa ovyo kama kuni, bali ilichaguliwa kwa unene wake, na kila unene ulikuwa na jina lake. Mwembamba uliitwa pau. Uliouzidi uliitwa mazio. Kisha boriti, ambayo unene wake hupata sentimita 11 na nusu hata karibu 14. Na mnene zaidi uliitwa nguzo. Miti ilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Mnunuzi aliyetaka kuezeka chumba alijua tangu mwanzo aina ya mti na idadi ya kununua. Kwa mfano, chumba chenye urefu wa mita 6, ikiwa boriti zapangwa kila baada ya sentimita 30, chahitaji kiasi cha korija moja. Juu ya boriti hizo fundi wa Kuwait alitandaza mianzi iliyopasuliwa, juu yake mikeka, na mwisho udongo.

Nyumba na mti vilipatana hata upana wa chumba ukatokana na urefu wa boriti. Vyumba vya nyumba nyingi za zamani, huko Ghuba na hapa Lamu pia, ni virefu na vyembamba, kwa maana boriti haikuweza kufika mbali zaidi ya mita tatu au kupita kidogo. Mjenzi hakuuliza, "Nataka chumba cha upana gani?" Aliuliza, "Boriti zafika wapi?"

Kazi ya kukata haikuwa ya mchezo. Wakataji waliingia katika vijito kwa mashua, wakakaa huko siku nyingi wakiwa na maji yao ya kunywa na chakula chao. Maji yalipokupwa walikata kwa shoka, miguu ikizama katika tope. Maji yalipojaa waliivuta miti mpaka chomboni. Kisha ilipangwa pwani kwa korija, ikingojea wanunuzi. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, yakileta tende, chumvi na mazulia. Na kusi ilipoanza kuvuma, yakarudi kwao na shehena ya miti. Katika msimu wa mwaka 1938 na 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait mpaka Rufiji, akaona jinsi mabaharia wenyewe walivyosaidia kupakia miti ile. Habari za safari hiyo alizichapisha katika kitabu mwaka wa 1940.

Baadaye ukaja utajiri wa mafuta. Mafuta ya Bahrain yaligunduliwa mwaka wa 1932, na ya Kuwait mwaka wa 1938. Kuwait ilianza kuyauza ng'ambo mwaka wa 1946. Watu wakamiminika kutafuta kazi. Hesabu ya watu iliyofanywa Kuwait mwaka wa 1957 ilionyesha watu 206,473. Hesabu ya mwaka 1970 ilionyesha watu 738,662. Katika mwaka huo wa 1957 ukuta wa kale uliouzunguka mji ulibomolewa ili mji upate kupanuka. Nyumba zilihitajika kwa maelfu.

Mtu aliyekaa pwani ya Lamu na korija zake angeweza kusema, "Sasa neema imefika. Mnunuzi wetu amekuwa tajiri, na nyumba zake zaongezeka kila mwaka." Lakini haikuwa hivyo. Mnunuzi alipopata fedha, hakununua boriti nyingi zaidi. Alibadili namna ya kujenga. Meli zilimletea saruji na vyuma. Dari ya zege haikumlazimisha kuishi katika chumba cha mita tatu. Aliweza kujenga ukumbi mpana kama apendavyo. Wale mabaharia nao walipata kazi nyingine nchi kavu, zenye mshahara wa kila mwezi, na wengi wakaacha kungoja kaskazi. Soko la nyumba lilikua upesi, na mti wa mkoko ukaachwa nyuma na soko lile lile.

Hata hivyo biashara haikufa siku moja. Majahazi ya Uarabuni na Uajemi yaliendelea kuja Lamu kuchukua miti katika miaka ya 1960 na 1970. Na hapa ndipo lilipoonekana jambo la pili, nalo ni hali ya msitu wenyewe.

Mkoko si mti wa kuchezewa. Iko miti ambayo ukiikata hutoa machipukizi kutoka katika kisiki, lakini mkoko ukikatwa chini, hufa. Msitu hurudi kwa mbegu tu, nazo huhitaji miti mikubwa iliyoachwa karibu ili izidondoshe. Tena hukua polepole. Mikoko iliyopandwa Gazi, katika pwani ya Kwale, ilipofika umri wa miaka 12 ilikuwa na unene wa sentimita 6 hivi kwa wastani. Huo ni unene wa pau; haujafika hata mazio. Basi mtu akatae boriti moja leo ajue ya kuwa mtoto wake atakuwa mtu mzima kabla ya nyingine kusimama mahali pale.

Mikoko ya Kenya ilifanywa msitu wa serikali mwaka wa 1932, na kukata kulihitaji ruhusa. Msitu wote wa mikoko wa Kenya ulihesabiwa katika mpango wa serikali wa mwaka 2017 kuwa hekta 61,271, na katika hizo hekta 37,350 zimo Lamu. Lakini miti minene na iliyonyoka ndiyo iliyotafutwa kwanza, na mahali pengi ikabaki ile iliyopinda. Mwaka wa 1982 serikali ya Kenya ilikataza kabisa kuuza miti ya mikoko nchi za nje. Msitu ulipata nafuu, lakini mkataji ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakataji aliamka asubuhi akaona soko la ng'ambo limefungwa. Alikuwa amepoteza kwanza mnunuzi aliyehamia saruji, na sasa amepoteza ruhusa ya kumwuzia yule aliyebaki.

Basi fundisho ni lipi? Mtu au chama kinachotaka kuuza nguzo, mbao, milango au madirisha katika nchi ambayo miji yake yakua upesi, kisitazame wingi wa watu peke yake. Kiulize kwanza: nyumba za huko zajengwaje leo, na zitajengwaje baada ya miaka kumi? Cha pili: mafundi wa huko hutumia kipimo gani? Boriti za Lamu zilipendwa kwa kuwa zililingana na chumba cha mnunuzi; chumba kilipobadilika, zikakosa kazi. Cha tatu, nacho ndicho kikubwa: kila mwaka mingapi hukatwa, na mingapi hukua kushika nafasi yake? Na kabla ya kutia shoka, kijue sheria ya misitu inaruhusu nini.

Wazee wa pwani walijua kuhesabu korija zilizolala mchangani, na hawakukosea hata mti mmoja. Miti iliyosimama majini ndiyo isiyoandikwa na mtu. Wenye hekima wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.